Maswali ya Wasomaji: Assassin's Creed inaposimulia vizuri na inapoboronga

Barua nyingi za safari hii zinahusu mfululizo mmoja wa gemu, Assassin's Creed wa kampuni ya Ubisoft, ambao tangu 2007 umewapeleka wachezaji Yerusalemu ya Vita vya Msalaba, Florence ya akina Medici, Misri ya Cleopatra na Japani ya Oda Nobunaga. Wachache mmeuliza jinsi ya kumpiga bosi fulani. Wengi mnataka kujua kwa nini hadithi moja inakunyima usingizi na nyingine inakuletea usingizi.

Kwa asiyeufahamu kabisa: mtu wa zama zetu huingizwa kwenye mashine iitwayo Animus na kuishi kumbukumbu za watu wa kale. Chini ya kila kisa kuna vita ya siri baina ya Assassins, wanaotetea uhuru wa mtu kuamua, na Templars, wanaotaka dunia iendeshwe kwa amri moja. Tahadhari: miisho ya gemu kadhaa tumeianika humu bila kuficha.

Marafiki zangu wawili wanabishana kila siku. Mmoja anasema hakuna hadithi kama ya Ezio, mwingine anasema ni kelele tu za watu wazee. Nina PS4. Nianze na ipi? – Msomaji, Dodoma

Anza na Assassin's Creed II ya 2009. Kwa PS4 tafuta The Ezio Collection, mkusanyo uliotoka 2016 wenye II, Brotherhood na Revelations. Upo uzuri mwingine wa kuchukua mkusanyo: II ilipotoka mara ya kwanza, sura ya 12 na ya 13 ziliondolewa zikaja kuuzwa pembeni, hivyo mchezaji alirushwa kutoka 1488 hadi 1499 bila maelezo ya maana. Kwenye mkusanyo sura hizo zimerudishwa mahali pake.

Rafiki wa kwanza ana hoja, na ushahidi wake uko kwenye saa mbili za mwanzo. Ezio ni kijana wa Florence, mwaka 1476. Anapigana ngumi darajani, anashindana na kaka yake Federico kupanda paa la kanisa, anampelekea baba barua, anamwadhibu mchumba mwongo wa dada yake Claudia, na anamwokotea mdogo wake Petruccio manyoya ya ndege juu ya mapaa. Mchezaji anadhani anafundishwa vitufe tu. Kumbe kila kazi imemfunga kwa mtu mmoja wa nyumba ile. Kisha baba, Federico na Petruccio wananyongwa uwanjani mbele ya umati, na Ezio amechelewa hatua chache.

Manyoya hayaishi hapo. Yametawanywa 100 kwenye miji yote ya gemu, na kila unayookota unayaweka kwenye kasha chumbani kwa mama, Maria, ambaye tangu siku ya msiba hajatamka neno. Ukifikisha yote 100, anazungumza. Hiki ndicho kitu ambacho mfululizo huu ukikipatia hauna mpinzani: kazi ya mikono ya mchezaji na jeraha la mhusika vinakuwa kitu kimoja. (Zawadi ya kukamilisha ni joho la ukoo wa Auditore ambalo ukilivaa walinzi wa kila mji wanakutambua mara moja. Livae kwa picha, livue kwa kazi.)

Rafiki wa pili naye hakosei kabisa. Mwisho wa II umelegea. Ezio ametumia zaidi ya miaka 20 kumwinda Rodrigo Borgia, aliye nyuma ya mauaji yale, anamtia mkononi Vatican, halafu anamwachia. Sababu anayoitoa ni kwamba kisasi hakirudishi waliokufa. Sababu iliyo nyuma ya pazia ni kalenda: Rodrigo, yaani Papa Alexander VI, alifariki 1503, na gemu iko 1499. Waandishi hawakuwa na ruhusa ya kumuua, wakamsamehe.

Ile ya kwanza kabisa, ya 2007, iache kwa baadaye. Haikuwa na maandishi ya chini, kwa hiyo anayetegemea kusoma mazungumzo anapotea. Na mzunguko wake ni uleule kwa kila mlengwa: unaripoti ofisini, unasikiliza watu kwenye benchi, unaiba barua mfukoni, unamkunja mtu ngumi hadi aseme, unarudi ofisini kuchukua unyoya, unaua, unakimbia. Walengwa ni tisa. Ukiifikia, usirukie maneno ya wanaokufa. Kila mmoja anamwachia Altaïr, mhusika unayemcheza, shaka ndogo juu ya bwana wake Al Mualim, na shaka hizo zikijumlishwa ndizo hadithi yenyewe.

Mimi ni mwalimu wa historia sekondari. Wanafunzi wananijia na "ushahidi" kutoka gemu hizi. Je, kuna kinachofaa darasani? – Mwalimu, Moshi

Kipo, Mwalimu, lakini kwanza uwafundishe jinsi waandishi hawa wanavyokata na kushona. Wana kanuni wanayoifuata karibu kila mahali: mwaka wa kifo cha mtu maarufu hauguswi sana, ila namna alivyokufa inachezewa, na pale kumbukumbu zinaponyamaza ndipo wanapopanda uongo wao.

Chukua njama ya akina Pazzi. Tarehe 26 Aprili 1478, ndani ya kanisa kuu la Florence wakati wa misa, Giuliano de' Medici aliuawa na kaka yake Lorenzo akajeruhiwa shingoni, akakimbilia chumba cha sakristia. Hayo yote ni kweli. Francesco de' Pazzi alinyongwa siku ileile kwenye jengo la serikali ya mji. Nalo ni kweli, ingawa gemu inaongeza Ezio akimkimbiza juu ya mapaa. Ila Bernardo Baroncelli, mmoja wa wauaji, gemu inamuulia San Gimignano kwa mkono wa Ezio. Katika historia alitoroka hadi Constantinople, akakamatwa, akarudishwa na kunyongwa Desemba 1479. Aliyemchora akining'inia, na kuandika pembeni rangi za nguo zake, ni Leonardo da Vinci, ambaye ndani ya gemu ni rafiki mcheshi anayemtengenezea Ezio silaha. Hapo ukweli ulikuwa na kisa kikali kuliko kilichobuniwa, na waandishi wakakipita.

Mfano wa kimya cha kumbukumbu uko kwenye Black Flag ya 2013. Mary Read, haramia wa kweli, alifia gerezani Jamaika mwaka 1721, na gemu inakubali. Rafiki yake Anne Bonny aliponea kitanzi kwa kuwa alikuwa mjamzito, kisha anapotea kwenye maandishi. Kwa hiyo gemu inamchukua na kumfanya msaidizi mkuu wa nahodha Edward Kenway. Hakuna mwanahistoria anayeweza kuwakamata.

Mahali wanapokamatika ni gemu ya kwanza. Robert de Sablé, mkuu wa Templars, anauawa na Altaïr mwaka 1191. Yule wa kweli alifariki 1193. Garnier de Naplouse, mkuu wa Hospitallers, naye anauawa mapema: alifariki 1192.

Kwa darasa, tumia hali iitwayo Discovery Tour iliyoongezwa kwenye Origins, ile gemu ya Misri, mwezi Februari 2018. Humo hakuna vita wala misheni. Kuna ziara 75 zenye msimulizi, kuanzia ujenzi wa piramidi hadi utengenezaji wa bia na mkate. Chagua ziara moja fupi, isimamishe kila kituo, uliza wanafunzi: kipi hapa kimetoka kwenye mabaki yaliyochimbwa, na kipi ni kisio la mchoraji? Ziara zenyewe hukiri baadhi ya mahali walipobuni, na hilo lina faida zaidi ya majina ya mafarao. Angalia pia sanamu za uchi: Discovery Tour imezifunika kwa makombe ya baharini. Wanafunzi wataliona kabla yako.

Jambo la kuwaonya ni uzito wa njama. Unity ya 2014 inaiweka Mapinduzi ya Ufaransa mikononi mwa Templars, na mwanasiasa Jean-Luc Mélenchon aliilalamikia hadharani kwa jinsi ilivyomchora Robespierre, mmoja wa viongozi wa mapinduzi hayo. Hata ukimweka kando Robespierre, kasoro inabaki: mwanamke wa Paris aliyeandamana kwa kukosa mkate anageuzwa kuwa kikaragosi cha watu wanne waliojifungia chumbani.

Nimeacha Assassin's Creed III mara tatu. Connor ana kisa kikubwa, mbona ananichosha? – Msomaji, Mombasa

Kwa sababu kwa muda mrefu humchezi Connor, na ukishaanza kumcheza, kisa si chake.

Sura tatu za mwanzo unamwendesha Haytham Kenway, Mwingereza mwenye ulimi wa asali, ukiamini ni Assassin. Mwisho wa sura ya tatu anatamka maneno ya Templars, na unagundua umekuwa upande wa adui. Ni ujanja mzuri sana. Tatizo ni bei yake: baada ya hapo unaanza upya na mtoto wa Kimohawk anayecheza kujificha, kisha anakuwa kijana, kisha anafunzwa, na nguo za Assassin anazivaa saa nyingi tangu ulipowasha gemu. Haytham ameshachukua mapenzi yako yote.

Kosa la pili ni kumtumbukiza Connor kila tukio la Mapinduzi ya Marekani: mauaji ya Boston 1770, chai kumwagwa bandarini 1773, Bunker Hill 1775. Tazama usiku wa Paul Revere, aliyepanda farasi kuwaonya watu kwamba jeshi la Waingereza linakuja. Revere amekaa nyuma ya farasi wa Connor, anamwelekeza njia kwa kupiga kelele, kushoto, kulia, ng'ambo ya mto, na mchezaji anagonga milango gizani akiepa askari. Connor hana haja yoyote na safari ile. Anachotaka ni ardhi ya kijiji chake. Ndiyo maana ukimtazama usoni unaona mtu aliyekodiwa kwenye historia ya wengine.

Ukijaribu mara ya nne, fanya hivi. Fika Davenport Homestead, na baada ya kila misheni kuu moja rudi hapo ufanye misheni zake mbili au tatu kabla ya kuendelea. Humo kuna daktari, mwindaji mwanamke Myriam, mchimba madini Norris anayemtaka na hajui pa kuanzia, wapasua mbao wawili wanaogombana kutwa. Connor anaulizwa ushauri wa posa na hana jibu. Ndipo mtu anatokea. Usizilimbikize hadi mwisho, maana baadhi ya mazungumzo ya Achilles, mzee aliyemlea, yanapoteza uzito ukiyafikia umeshajua hatima yake. Yale masharti ya ziada ya kila misheni, kama "usiguswe" au "ua wawili kwa risasi moja", yapuuze. Yamewekwa kwa ajili ya asilimia, na yanaivunja kasi ya kila tukio.

Lazima nifuatilie sehemu za zama zetu, za nje ya Animus? – Msomaji, Kisumu

Kuanzia ya kwanza hadi III, ndiyo: Desmond Miles ana mwanzo, katikati na mwisho, na anakufa Desemba 2012 akiikoa dunia kwa gharama ya kumfungulia Juno, kiumbe wa ustaarabu wa kale. Baada ya hapo, hapana. Juno alijengwa kama adui mkuu kwa miaka, kisha akamalizwa kwenye vitabu vya katuni ambavyo wachezaji wengi hawakuviona. Tangu hapo hatuwashauri watu waweke moyo huko.

Niko saa ya 40 ndani ya Valhalla na sijui tena namtafuta nani. Nirudi mwanzo? – Msomaji, Kampala

Usirudi. Hujapotea peke yako, na si uzembe wako.

Valhalla ya 2020 imejengwa kwa majimbo. Eivor, Mviking aliyehamia Uingereza miaka ya 870, anakwenda kwenye meza ya ramani kijijini Ravensthorpe, anazungumza na Randvi, anachagua jimbo, analimaliza, anarudi kuripoti. Kila jimbo ni hadithi fupi kamili yenye mfalme wake, msaliti wake na karamu yake. Nyingine ni nzuri mno. Lakini kwa kuwa mchezaji anaruhusiwa kuchagua mpangilio, mwandishi wa jimbo la tano hawezi kumfanya Eivor akumbuke kilichotokea jimbo la nne, kwani huenda bado hujalifika. Matokeo yake Eivor anatoka msibani Jumatatu na Jumanne anacheka kana kwamba hakuna kitu.

Ule uzi mkuu upo, umefunikwa tu. Ni kaka yake wa kulea, Sigurd, anayeanza kujiona mungu. Ili uushike:

Kwanza, fungua meza ya ramani na uahidi jimbo moja tu kwa wakati. Ukiahidi matatu, orodha ya misheni inachanganya visa na utaruka katikati bila kujijua.

Pili, yape kipaumbele majimbo anamopita Sigurd au habari zake: Oxenefordscire, ambako mwanamke aitwaye Fulke anaingia, kisha yale yanayoelekea Suthsexe, ambako unamkomboa akiwa amekatwa mkono. Yafanye yakifuatana. Majimbo mengine weka baada ya hapo, uyasome kama hadithi fupi na usiyadai zaidi.

Tatu, na hili wengi wanalikosea: nenda kwa Valka, mganga wa kijiji, unywe dawa yake, umalize Asgard na Jotunheim kabla ya kurudi Norwei na Sigurd. Gemu inakuonyesha kama njozi za pembeni. Ukizipita, utafika Norwei, Basim, mwenzake Sigurd, atakugeukia kwa chuki ya ajabu, na hutaelewa mwanawe ni nani na anakudai nini. Jibu lote liko Asgard, kwenye kisa cha mbwamwitu aliyefungwa minyororo.

Nne, usiingie kwenye mapenzi na Randvi akiwa bado mke wa Sigurd, wala usimpige Sigurd ngumi anapopandisha hasira. Gemu haikuambii, ila inahesabu makosa ya namna hii, na yakizidi Sigurd anabaki Norwei mwisho wa hadithi badala ya kurudi nawe.

Hamtunscire iache ya mwisho. Nguvu inayopendekezwa ni 340, wakati majimbo ya mwanzo yanataka 20. Pengo hilo ndilo linalojazwa na saa zako nyingi. Ukiona umechoka, shusha ugumu wa mapigano kwenye menyu na usonge mbele. Hakuna sehemu ya hadithi inayofungwa kwa kufanya hivyo.

Maamuzi ya Odyssey yana maana yoyote au ni mapambo? – Msomaji, Tanga

Yana maana pale yanapocheleweshwa. Mapema kabisa, kwenye kisiwa cha Kephallonia huko Ugiriki ya kale, unakuta familia ya wagonjwa ambayo makuhani wanataka kuiua isieneze homa. Ukiwaokoa unajiona mwema, unaondoka na meli. Rudi kisiwani baada ya saa nyingi: maradhi yamekifagia. Hakuna njia ya kulifuta. Waandishi wa mfululizo huu wangefanya hivi mara kumi zaidi tusingelalamika.

Familia nayo inaweza kukusanyika yote mezani mwishoni au isibaki mtu. Kwa mwisho wa wote kuwa hai: mwache hai Nikolaos, baba aliyekulea, mnapokutana Megaris, mwahidi mama yako Myrrine kwamba utamrudisha mtoto wake, usimuue Stentor, mtoto wa kulea wa Nikolaos, na kila unapozungumza na Deimos, ndugu yako, mwonyeshe kwamba Cult, kundi la siri analolitumikia, inamtumia, usimtukane yeye. Wengi wanaharibu hapo kwa Deimos. Jibu moja la hasira halimalizi kila kitu, ila mawili matatu yanatosha, na ukifika mlima Taygetos hana tena sikio.

Mapambo yalikuja kwenye nyongeza ya Legacy of the First Blade. Gemu ilikuwa imempa mchezaji uhuru wa kuchagua ampende nani, mwanamke au mwanamume, au asimpende yeyote. Nyongeza ile, Januari 2019, ikamlazimisha mhusika awe na mwenza na mtoto, hata mchezaji aliyekataa kila dalili. Watengenezaji waliomba radhi na kurekebisha sehemu ya maandishi. Kiini cha kosa: waandishi walihitaji mtoto ili ukoo uendelee hadi kisa kingine, na hitaji lao likapanda juu ya ahadi waliyompa mchezaji.

Nimemaliza Mirage kwa Kiarabu, sauti zimenifurahisha sana. Mwisho sikuuelewa. Na je, Zanj wanaotajwa humo ni sisi? – Msomaji, Muscat

Mwisho haukueleweka kwa sababu ulidokezwa kwenye gemu nyingine. Mirage ya 2023 ilianza kama nyongeza ya Valhalla, na Basim ni yuleyule anayemgeukia Eivor. Nehal, rafiki yake wa utotoni, hayupo. Ni sehemu ya nafsi yake mwenyewe, kumbukumbu za Loki, mungu wa ngano za Waviking, zilizojitenga. Ukijua hivyo, rudia mazungumzo yao ya mwanzoni na utazame wengine waliopo: hakuna anayemjibu Nehal. Hilo limefanywa kwa uangalifu. Kinachokosekana ni sentensi mbili za kumsaidia asiyecheza Valhalla. Hata hivyo, kwa mtu mwenye nafasi ya saa 15 hadi 20 tu, Mirage ina uzi mnyoofu kuliko ndugu zake wakubwa.

Kuhusu Zanj: gemu inamleta Ali ibn Muhammad, mtu wa kweli aliyeongoza uasi wa Zanj kusini mwa Iraki kuanzia 869 hadi 883. Jina Zanj Waarabu waliwaita watu wa pwani yetu, na waliotumikishwa kwenye mabwawa ya chumvi karibu na Basra walihusishwa na asili hiyo, ingawa wanahistoria wanabishana ni wangapi hasa walitoka huku na wangapi sehemu nyingine za Afrika. Gemu iko 861, miaka minane kabla ya uasi, kwa hiyo Ali anabaki mshirika wa kupita. Nafasi imepotezwa. Mapambano ya miaka 14 dhidi ya dola la Abbasiya yana hadithi kubwa kuliko nusu ya walengwa wa Basim.

Kwa nini Yasuke wa Shadows anaonekana kama mgeni kwenye gemu yake mwenyewe? – Msomaji, Dar es Salaam

Amechelewa kuingia. Gemu ya Machi 2025 inamwonyesha mwanzoni mbele ya Nobunaga, kisha inamficha saa nyingi wakati Naoe wa Iga, mhusika mkuu mwenzake, anapoteza baba na kuanza kuwinda wenye barakoa. Yasuke anaporudi, kisasi cha Naoe kimeshakuwa mada, naye anaungana nacho kama mgeni wa heshima. Kisa chake mwenyewe na Wareno kimewekwa kwenye mnyororo wa misheni binafsi ambao unaweza kuupita.

Inauma zaidi ukijua mtu wa kweli alivyokuwa. Alifika Japani 1579 pamoja na padri Mjesuti Alessandro Valignano, akapokewa na Nobunaga 1581, akawepo kwenye hekalu la Honnō-ji Juni 1582 bwana wake alipovamiwa, kisha maandishi yananyamaza. Chanzo kimoja cha 1627 kinamtaja kuwa wa Msumbiji. Hapa kuna kile kimya tulichomweleza Mwalimu wa Moshi, kipana kuliko cha Anne Bonny, na waandishi hawakukitumia vya kutosha.

Kasoro nyingine ni ileile ya Valhalla: walengwa wamepangwa kwenye ubao, unaua yeyote kwanza, hivyo hakuna kifo kinachoathiri kingine. Cha kufanya: maliza walengwa wa eneo moja kabla ya kuhama, na misheni binafsi za Yasuke zianze mara tu zinapofunguka. Kama hutaki kuchagua majibu, washa Canon Mode kabla ya kuanza, itachagua yenyewe. Na kisa cha mama yake Naoe hakimaliziki ndani ya gemu kuu. Mwendelezo wake uko kwenye nyongeza ya Claws of Awaji, iliyotoka Septemba mwaka huohuo.

Ni kweli sauti ya Bayek ni ya mtu wa huku kwetu? – Msomaji, Lamu

Ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Bayek wa Origins, ya 2017, ndiye tunayemweka juu pamoja na Ezio. Ni baba aliyemuua mwanawe Khemu bila kukusudia, kisu kikiwa mkononi mwake huku wenye barakoa wakimsukuma. Ukimcheza, tafuta duara za mawe 12 zilizotawanyika Misri. Kwenye kila moja unalinganisha nyota na mchoro wa angani, na kila mara unamsikia Bayek akizungumza na mtoto wake kama walivyokuwa wakifanya alipokuwa hai. Hakuna adui wa kupambana naye hapo, ndiyo maana wengi hawazifiki. Zifanye moja moja kati ya misheni, usiku, bila kuziharakisha.

Salim baadaye alianzisha studio yake, Surgent, na Aprili 2024 ikatoa Tales of Kenzera: ZAU, gemu ya kijana anayeomboleza baba yake, iliyochota ngano za Wabantu. Unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili: ingia kwenye mipangilio ya lugha, badilisha sauti, na maandishi ya chini yaache kwenye lugha yoyote uipendayo.